Vigae Kwanza, Chemba Baadaye

Umejenga, umehamia, hongera. Geti linateleza lenyewe, dari ni la jipsamu lenye taa za rangi tatu, bati ni la msauzi, na vigae vya sebuleni vinang'aa hadi mgeni anavua viatu bila kuambiwa. Kilichobaki ni kile kisichoonekana: bomba la inchi 4 linalotoka chooni, likapita chini ya baraza na kuishia kwenye shimo la uani. Hilo halina mgeni wa kulisifu. Hakuna bwana harusi aliyewahi kupiga picha akiwa ameegemea chemba.

Mwongozo huu nimekuandikia wewe, mwenye nyumba wa Dar es Salaam ambaye bomba lako limeanza maneno, na ambaye kwa akili zako timamu ungependa kuendelea kutumia pesa juu ya ardhi. Kanuni ni moja, ishike: majitaka huteremka. Sasa angalia mtaani kwako nani anakaa chini yako. Ukishamwona, nusu ya kazi imekwisha.

Hatua ya kwanza: kana dalili

Bomba linaloziba haliji kimyakimya. Kwanza choo kinakoroma unapovuta maji. Kisha sinki la jikoni linatoa mapovu mtu anapooga. Halafu lile tundu la sakafu ya bafu, ambalo liko chini kuliko yote, linaanza kukurudishia vitu ulivyokwisha kuviaga. Mwisho harufu inabisha hodi baada ya magharibi, upepo ukishatulia.

Kila dalili ina jibu lake. Choo kikikoroma, sema presha ya maji siku hizi imekuwa kubwa mno. Hakuna wa Dar es Salaam atakayekuamini, lakini watafurahi kusikia. Mapovu ni sabuni. Harufu ni ya kwa jirani, na wewe ndiye uanze kufukiza udi ili ijulikane nani mstaarabu. Na kile kipande cha majani karibu na shimo, kilichostawi kijani mwezi wa nane wakati uwanja mzima umekauka, waambie wageni umetia mbolea. Hutakuwa umesema uongo.

Jambo moja usilifanye kabisa: usifunue mifuniko ya chemba. Ukifunua utajua, na ukishajua umekwisha kuingia gharama. Wapo watu wasiojua kuishi, ambao huanza na chemba iliyo karibu na nyumba wakashuka moja baada ya nyingine kuelekea shimoni. Wakikuta ya kwanza imejaa na ya pili kavu, wanajua uzibe uko kati ya hizo mbili; wanaingiza fito, wanasukuma, na saa nne wanakunywa chai. Wakikuta zimejaa zote hadi ya mwisho, wanajua uzibe umepita chemba zote, na mara nyingi shimo lenyewe ndilo limejaa. Na kama ni sinki moja tu lililogoma huku choo kinakwenda vizuri, hawachimbi hata kidogo. Wanafungua mkunjo wa bomba chini ya sinki, wanatoa ugali wa juzi, basi. Kazi ya nusu saa, na raha yote ya kulalamika imepotea.

Wewe mwaga kostiki soda. Isipozibua, mwaga nyingine juu yake. Soda hiyo ikikutana na maji huchemka, na bomba la plastiki halipendi moto, kwa hiyo baada ya kopo la tatu utakuwa na sababu ya kweli ya kumwita fundi.

Hatua ya pili: mpate fundi anayekubali kila kitu

Fundi wa kuogopa unamjua kwa maswali. Akikuuliza shimo lina kina gani, choo cha mbali kiko umbali gani, na kama gari hupita juu ya bomba, mshukuru, mpe nauli, mwambie utampigia. Huyo atakufilisi. Unayemtaka ni yule anayekujibu kabla hujamaliza kuuliza.

"Fundi, hii kazi unaionaje?"

"Ndogo hiyo, bosi. Leoleo unaoga."

"Na mteremko je?"

"Maji hayajawahi kukosa njia, bosi."

Mlipe nusu papo hapo, kabla hajachukuliwa na mwingine.

Wenye vitabu vyao wanasema bomba la inchi 4 literemke kama sentimita 2.5 kwa kila mita moja, yaani moja kwa arobaini. Likilala zaidi ya hapo, uchafu unatuama. Likisimama mno, maji yanakimbia peke yao na kuacha mzigo nyuma, kama daladala iliyomwona trafiki ikasahau abiria. Kipo chombo cha kupimia, pimamaji, na fundi wako anacho ndani ya mkoba. Ndicho alichotumia kuweka vigae vya sebuleni, na ndiyo maana vile vigae vimenyooka hadi raha. Usimsumbue akitoe tena kwa ajili ya mtaro. Kwenye mtaro jicho linatosha.

Sasa njoo kwenye maungio. Dukani kuna viunganishi vyenye mpira au vya kubandika kwa gundi, na vinakaa miaka. Lakini fundi wetu ana sanaa yake: anawasha karatasi na mifuko ya plastiki, anageuzageuza ncha ya bomba juu ya moto hadi ilegee, kisha anaisokomeza nyingine ndani. Moshi mweusi unapanda, watoto wa mtaa wanakusanyika, inaonekana kazi kubwa inafanyika. Kiungo hicho kitashika vizuri mpaka fundi avuke kona. Baadaye kitaachia ufa mwembamba wa kupitisha unywele, na mwarobaini uliouotesha kwa ajili ya kivuli utatuma mzizi wa ukubwa huohuo. Mti haujafanya kosa. Ulikuwa unatafuta maji na mbolea, wewe umeviletea vyote kwa bomba moja. Baada ya masika mawili mzizi ule unakuwa kamba nene, na juu ya kamba hiyo kila kinachopita kinaning'inia.

Kwenye kona, piga kiwiko kimoja kikali cha nyuzi tisini na ufukie. Wanaojenga kwa woga huweka chemba kila bomba linapogeuka, ili siku ikiziba pawepo mlango wa kuingilia. Chemba ni matofali, saruji na mfuniko, na mfuniko unaharibu sura ya baraza. Kama ipo tayari, ipige vigae juu. Tena usipige picha mtaro ukiwa wazi, wala usichore popote bomba linapopita. Siri hiyo ibaki kati ya fundi na Mungu. Mwaka wa tatu atakuja fundi mwingine kuitafuta chemba kwa kugonga sakafu na nyundo, kichwa kakiinamisha kama daktari, na atabandua vigae sita kabla ya kuipata. Rangi ya vigae hivyo itakuwa imekwisha dukani.

Bomba la hewa lile refu linalopanda ukutani hadi juu ya paa, likate. Ni mita tatu za kuokoa. Lisipokuwepo, kila unapovuta maji bomba linatafuta hewa popote, linayafyonza yale maji yaliyokaa kwenye mikunjo ya sinki na bafu, na maji hayo machache ndiyo mlinzi pekee aliyesimama kati ya pua yako na shimo. Kwa mlinzi huyo hulipi hata senti, kwa hiyo huwezi kujua thamani yake.

Hatua ya tatu: lichimbe shimo, liite septiki

Jina ni kila kitu. Ukisema "nina shimo la choo", umejishusha. Ukisema "nina septiki", watu wanakusogezea kiti.

Septiki ya kweli ina usumbufu wake. Inataka sakafu ya zege na kuta zilizopigwa plasta ili zisivujishe. Inataka vyumba viwili, cha kwanza kikubwa zaidi, kwa kawaida theluthi mbili za nafasi yote. Humo kizito kinazama chini kuwa tope, mafuta yanaelea juu kuwa utando, na maji ya katikati ndiyo yanayotoka kwenda shimo la pili la kunyonyea ardhini. Kwenye mlango wa kuingilia na wa kutokea panawekwa kiungo cha umbo la T, kinachoshuka ndani ya maji ili utando wa juu usitoroke. Kiungo hicho hugharimu pesa ya soda chache. Ruka. Utando utatoroka, utaziba shimo la kunyonyea, na hapo utachimba shimo jipya zima. Ndivyo uchumi unavyozunguka.

Njia ya mkato unaijua, kila mtu anaijua: usiweke zege chini. Panga matofali, acha nafasi kati yake, funika na slabu. Shimo la namna hii halijai, na mwenye nalo hutembea kifua mbele. Maji yote yanakwenda ardhini na chochote yalichobeba. Ushauri wa kawaida ni kwamba shimo la kunyonyea liwe angalau mita 30 kutoka kwenye kisima. Kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 20 huo ni uchokozi, maana hata ukipima kona kwa kona hupati. Kwa bahati nzuri kisima ni cha jirani.

Kama uko karibu na bahari, sehemu za Mikocheni au Mbezi Beach ambako ukichimba kidogo tu unakutana na maji, ujanja huu unakugeuka. Wakati wa masika maji ya ardhini yanapanda, na shimo lisilo na sakafu linajaa kutoka chini. Hapo ndipo utamwona mtu mzima amesimama juu ya mfuniko, akishangaa shimo lililojaa wakati familia nzima iko Moshi kwa likizo.

Kuhusu kuita gari la kunyonya shimo, nakupa hoja ya kisomi. Katika karne ya 19 Mfaransa mmoja wa mji wa Vesoul, Jean-Louis Mouras, alikuwa na tangi la septiki. Lilipofunguliwa baada ya miaka mingi, likakutwa limejaa maji, kinyesi kigumu hakionekani. Mwaka 1881 akalisajili kama uvumbuzi. Mtaje Mouras kila mkeo anapouliza kama siku za kuita gari hazijafika. Usiendelee na nusu ya pili ya habari: kwamba bakteria wanameng'enya sehemu tu ya mzigo, tope linabaki na kupanda pole pole, na kwa familia ya kawaida gari huhitajika kila miaka mitatu hadi mitano. Akisisitiza, mwambie unatia hamira.

Hatua ya nne: gari, na maswali ya kutouliza

Siku utakayolazimika, litakuja lori lenye tangi na mpira mrefu, limeegeshwa mlangoni kwako mchana kweupe na mtaa mzima unajua kuna nini. Hilo ndilo linaloumiza kuliko bei. Ita usiku.

Lori la haki hupeleka mzigo kwenye mabwawa ya kutibu majitaka, kama yale ya Vingunguti. Ukipita pale utaona madimbwi makubwa ya kijani, yamekaa tu, na utadhani hakuna kinachoendelea. Kumbe jua, mwani na bakteria wako kazini: maji yanahama bwawa moja hadi jingine kwa siku nyingi, na kila hatua yanaacha kitu nyuma. Sijaona ofisi nyingi zinazofanya kazi namna hiyo bila posho.

Lakini mabwawa yako mbali na foleni unaijua. Atakuja dereva mwingine mwenye bei ya chini kwa robo. Muulize bei, muulize saa ngapi anafika. Usimuulize anakwenda kumwaga wapi. Hata akirudi baada ya dakika kumi kwa safari ya pili, wewe msifu kwa kujua njia.

Na hapa naweka utani pembeni kidogo. Usiingie shimoni, na usimtume kibarua aingie, hata likionekana tupu, hata kwa kuokota simu. Ndani mna methani na sulfidi ya haidrojeni. Hiyo ya pili kwanza inanuka kama yai viza, kisha ikizidi inaua uwezo wa pua kuinusa, kwa hiyo mtu hudhani imekwisha. Anaanguka yeye, anaingia wa pili kumwokoa, anaanguka juu yake, kisha wa tatu. Vifo vya namna hiyo vimekwisha kutokea mara nyingi mno kwa kazi ya kuzibua choo. Tuendelee.

Hatua ya tano: subiri masika

Hii ndiyo njia ya mabingwa. Wenyewe wanaiita kutapisha. Huhitaji gari wala fundi wala risiti, unahitaji ngurumo. Mvua kubwa ya mwezi wa nne inapoanza kumwagika saa nane usiku, mitaro imejaa, umeme umekatika, shimo la uani linapata nafasi ya kupumua kupitia tundu la ukutani ambalo mchana hufunikwa na ndoo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza. Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 inakataza. Bwana afya anakataza, lakini saa nane usiku bwana afya amelala, na mvua inamnyeshea hata yeye.

Maji yanashuka kwenye mtaro, mtaro kwenye kijito, kijito kwenye Mto Msimbazi. Mto huu unatoka kwenye vilima vya Pugu, unakatiza mji mzima, unapita Jangwani na kuingia baharini karibu na Daraja la Salenda, na njiani haukatai mgeni. Walioko bondeni wataamka na kukuta zawadi kwenye kizingiti. Mwaka 2015, mwezi Agosti, kipindupindu kilianzia hapahapa Dar es Salaam kikaenda mikoa karibu yote, lakini wewe huna la kujibu: hakuna kinyesi kilichokutwa na jina lako.

Asubuhi, wahi kwa mjumbe kabla ya wenzako. Lalamika sana. Sema mtaa huu umeingiliwa na watu wasio na ustaarabu, na kwamba serikali ya mtaa iwachukulie hatua. Anayelalamika wa kwanza hakaguliwi.

Kuna kasoro moja ndogo, nikutajie kwa sababu wewe ni rafiki. Bonde la Msimbazi wanalima mchicha, na wanamwagilia kwa maji yaliyopo. Majitaka yanateremka, ni kweli, lakini mchicha unapanda. Alfajiri unafungwa mafungu, unawekwa kwenye tenga, unapakiwa kwenye pikipiki, na saa mbili uko getini kwako, mbichi, wa majani mapana. Mkeo atausifu.

Hatua ya sita: mtandao ukifika mtaani

Sasa balaa. Vijana wa DAWASA wamepita na kamba na rangi, wamechimba barabara, wamelaza bomba kubwa la majitaka. Katikati ya jiji na Kariakoo watu wameungwa siku nyingi. Kwenye mitaa mingi ya jiji mtu anazaliwa, anajenga na anazikwa bila kuliona bomba hilo, na sasa limepita mbele ya geti lako kama msafara wa kiongozi. Utaambiwa uombe kuunganishwa, aje mpimaji, upewe gharama, ulipe, na kuanzia hapo ankara ya majitaka iungane na ya maji. Shimo, gari la usiku na ndoo ya kufunikia tundu vyote vistaafu.

Usikubali upesi. Una hoja nzito. Ulijenga ukiwa na mtazamo: sebule mbele, vyoo nyuma, septiki nyuma kabisa. Bomba la serikali liko mbele. Ili kufika huko, bomba lako lazima lizunguke nyumba nzima huku likiteremka, na kwa moja kwa arobaini, mita 40 za kuzunguka zinakula mita nzima ya kina. Bomba la barabarani likiwa juu ya hapo, majitaka yako yatatakiwa kupanda, na yakitakiwa kupanda yanataka pampu, na pampu inataka umeme. Mtu makini humwomba mpimaji avipime vina vyote viwili kabla koleo halijagusa chini. Wewe pasua baraza kwanza. Vipimo vitajulikana mkifika.

Ukishindwa kukwepa, unga nusu nusu. Acha septiki ya zamani mahali pake, kisha toa bomba kwenye tundu lake la kutokea na ulipeleke kwenye mtandao. Majirani watakuona umeungwa, na tope la miaka yote litaendelea kukaa uani likichacha. Ukiacha hivyo, siku tope likijaa litatoka kwenda bomba la serikali kwa mkupuo mmoja. Wanaofanya kwa ukamilifu hulipita shimo kabisa: bomba la nyumba linaungwa moja kwa moja, shimo linanyonywa hadi mwisho, linatobolewa sakafu ili lisituamishe maji, linajazwa kifusi na mchanga na kushindiliwa. Gharama yote hiyo kwa kitu ambacho hakitumiki tena! Wewe weka udongo kidogo juu ya slabu, panda maua, na sehemu iliyobaki iwe maegesho. Nondo za slabu ile zimekula mvuke wa asidi tangu siku ulipohamia. Egesha gari la mgeni.

Na usisahau mifereji ya paa. Kwa kuwa sasa una bomba kubwa mlangoni, ya nini kuhangaika na mtaro wa mvua? Elekeza mabomba ya paa kwenye chemba ya majitaka. Ni marufuku, kwa sababu bomba la majitaka hupimwa kwa maji ya kuoga, kufua na chooni, na paa moja kwenye mvua ya nusu saa linamwaga kuliko familia inayooga wiki nzima. Paa likiwa moja halionekani. Lakini mtaa mzima ukishasoma mwongozo huu, siku ya mvua bomba litajaa na kuanza kutafuta mahali pa kutokea, na litachagua tundu la bafu lililo chini kuliko yote mtaani. Ipo valvu ya kuzuia maji yasirudi nyuma, inafungwa kwenye bomba la kutokea nyumbani. Hakikisha ya kwako imefungwa. Usimwambie mtu wa chini.

Hatua ya saba: mpangaji

Hakuna kifaa bora cha kurekebishia majitaka kuliko mpangaji. Mafuta ya chipsi unayomwaga kwenye sinki wewe mwenyewe yataganda ndani ya bomba, mchanga wa kusugulia masufuria utakaa juu yake, nywele za saluni ya shemeji zitafunga fundo, na siku itakapoziba fundi atavuta kitambaa. Kila uzibe una kitambaa. Kisipokuwepo, awe nacho mfukoni. Kishike kwa kijiti, panga watu uani, uliza kwa sauti.

"Mama Juma, hii nepi ya nani?"

"Baba mwenye nyumba, Juma wangu yuko darasa la nne."

"Basi mwambie aache."

Kisha changisha kwa kichwa, watoto wakihesabiwa, nyumba kubwa ikiwa kichwa kimoja.

Hatua ya mwisho: uza

Bomba likishakuwa na viungo vya moto vitatu, chemba chini ya vigae na slabu inayolia ukipita, nyumba imeiva kwa soko. Uza mwezi wa nane. Ardhi imekauka, shimo linanyonya, hata harufu iko likizo. Siku ya mteja kuja, peleka watoto wakaoge kwa bibi yao. Jikoni pasioshwe chombo. Choo kivutwe mara moja tu, na uvute wewe, kwa mkono mwepesi, ukiendelea kuongea.

Mpitishe kwenye geti kwanza, alisukume mwenyewe aone linavyoteleza. Sebuleni atavua viatu. Juu atatazama taa, chini atatazama vigae, na akifika uani atakuwa amekwisha kupanga sofa zikae wapi. Ikiwa bado atauliza kuhusu majitaka, na wengi hawaulizi, kunja mikono nyuma ya mgongo, simama kwenye kile kipande cha majani ya kijani, umwambie taratibu: "Ndugu yangu, shimo la nyumba hii halijawahi kunyonywa tangu lijengwe." Atatikisa kichwa kwa heshima. Atasaini kabla ya vuli.

Pesa ikiingia, nenda kanunue yako nyingine. Utakuta mwenyewe amesimama uani, mikono nyuma, kwenye majani yaliyostawi vizuri ajabu. Muulize shimo likoje. Akikwambia kwa fahari kwamba tangu alichimbe halijawahi kujaa, lipa siku hiyohiyo, kuna watu wengine wawili wanaitaka.